Kuchomeka kadi kwenye laptopu ya zamani: mwongozo kamili

Laptopu za miaka ya 1990 hazijaisha huku kusini. Ulizia Shangani au Ligula hapa Mtwara, au Lindi mjini, utaonyeshwa: moja iko juu ya kabati la ofisi, nyingine stoo ya shule, nyingine kwa mzee mstaafu anayekwambia, "Hiyo usiitupe mwanangu, ina hesabu zangu za korosho." Ukiichomeka kwenye umeme inawaka vizuri. Kazi inakuja kwenye kutoa kilichomo. Flopi zimeota ukungu, tundu la USB halipo, na kisomeo cha CD, kama kipo, kinasoma tu, hakiandiki. Kilichobaki ni ule mwanya mwembamba ubavuni, wenye kifuniko kidogo na kitufe cha kutolea. Huo ndio mlango wa kadi za nyongeza.

Nianze na ushauri ambao wengi huupita: kadi ya kwanza kununua ni adapta ya memori kadi aina ya CompactFlash. Usianze na kadi ya mtandao wala ya USB. Hizo mbili zinatamanisha zaidi, lakini kila moja itakudai draiva, yaani programu ya kuiwezesha mashine kuongea na kadi, na draiva itaingilia wapi kwenye mashine isiyo na pa kuingizia kitu? CompactFlash haikudai chochote. Windows 95 na zilizoifuata huitambua zenyewe kama diski. Mlango huo mmoja ukishafunguka, mingine yote utaifungua kwa kupitia humo.

Na kama shida yako ni mafaili tu, mashine yenyewe huitaki, basi achana na kadi. Toa diski kuu, nunua adapta ya IDE ya pini 44 kwenda USB, nakili, umemaliza. Wanaoendelea kusoma ni wale wanaotaka laptopu ibaki hai na ifanye kazi.

Tundu lako ni la aina gani

Kadi hizi zilianza kuwekewa kiwango mwaka 1990 na umoja wa watengenezaji ulioitwa PCMCIA, na mafundi wengi hadi leo wanaziita kwa jina hilo. Jina lake jingine ni PC Card. Zote zina upana na urefu wa kadi ya benki, milimita 54 kwa 85.6. Unene ndio unaobadilika: Aina ya I ni milimita 3.3, Aina ya II ni 5, Aina ya III ni 10.5. Laptopu nyingi zina matundu mawili yaliyopandana, kwa hiyo zinapokea kadi mbili za Aina ya II, au moja ya Aina ya III inayoziba yote mawili.

Unene utauona kwa macho. Kinachowaponza watu ni kizazi cha kadi. Kadi za mwanzo ni za biti 16 na zinatumia volti 5. Mwaka 1995 kikaja kiwango kipya chenye CardBus, yaani kadi za biti 32 zinazotumia volti 3.3 na zenye kasi kubwa zaidi. Tundu la CardBus linapokea kadi za aina zote mbili. Tundu la zamani la biti 16 halipokei CardBus, na halitapokea hata ukilibembeleza, kwa sababu kona ya kadi imechongwa tofauti makusudi ili isiingie.

Kuitambua CardBus ni rahisi. Geuza kadi utazame ule upande unaoingia kwenye mashine. Ukiona utepe wa shaba au rangi ya dhahabu wenye vivimbe vidogovidogo juu ya vitundu vya pini, hiyo ni CardBus. Upande huo ukiwa plastiki au bati tupu, ni ya biti 16. Utakapoagiza kadi Kariakoo ije kwa basi, usikubali picha ya upande wenye stika peke yake. Mwombe muuzaji akupigie picha ya mdomo wa kadi, na mwambie waziwazi kwamba bila picha hiyo hutumi hela. Atalalamika kidogo, kisha atapiga.

Ipo na ya tatu inayochanganya watu, ExpressCard, iliyotoka mwaka 2003. Ni fupi zaidi, urefu wake milimita 75, na moja ya maumbo yake imekatwa ubavuni kama herufi L. Haina undugu wowote na tundu lako. Hata ikipewa punguzo, iache hapohapo.

Sasa upande wa laptopu. Kama ina Windows 95 au 98, fungua "Control Panel", kisha "System", kisha "Device Manager", utazame kwenye "PCMCIA socket". Ukikuta neno CardBus kwenye jina la kidhibiti, una tundu la kizazi kipya. Ukikuta "PCIC or compatible", lichukulie kuwa ni la biti 16, isipokuwa kama mashine ni Toshiba. Baadhi ya Toshiba zina CardBus ila BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, imewekwa zijifanye za zamani. Shikilia Esc wakati wa kuwasha, ikikuuliza bonyeza F1, tafuta mstari wa PC Card, halafu uchague CardBus badala ya PCIC. Kwenye ThinkPad unaingia BIOS kwa F1 moja kwa moja.

Angalia na toleo la Windows 95 kwenye "System". Likiwa 4.00.950 tupu au lenye herufi "a", CardBus haitafanya kazi hata kama tundu lenyewe linaiweza. Likiwa na herufi B au C, yaani kuanzia lile la mwaka 1996, inafanya kazi. Kadi za biti 16 hazina neno kwenye matoleo yote.

Kabla hujaiwasha

Laptopu iliyokaa pwani miaka ishirini haiwashwi kwa pupa. Kwanza chaja. Toshiba nyingi za wakati ule zinatumia volti 15, ThinkPad nyingi volti 16. Chaja za laptopu za leo nyingi ni volti 19 au zaidi. Ncha ikiingia, mtu hudhani imekubali. Soma kibati kilicho chini ya laptopu, soma chaja, pima kwa multimita, hakikisha volti zinalingana na chanya iko upande wake. Ampea za chaja zikizidi hakuna ubaya, volti zikizidi umeiunguza.

Pili, betri kubwa itoe kabisa. Imeshakufa, na kuichaji bila uangalizi ni kutafuta moto. Hasara yake ni kwamba umeme ukikatika laptopu inazima palepale, kwa hiyo ichomeke kwenye UPS au inveta ya sola, hasa wakati unanakili mafaili. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, jedwali la mafaili kwenye kadi linavurugika, na hapo itabidi uendeshe ScanDisk, programu ya kukagua diski, na kuomba Mungu.

Tatu ndiyo inayoua mashine nyingi zaidi: betri ndogo ya ndani inayotunza saa. Kwenye mashine kadhaa za miaka hiyo ni ya nikeli ya kuchajika, na ikizeeka inavuja. Maji yake yanakula njia za shaba za mazabodi, na mara nyingi yanatambaa hadi kwenye soketi zilizo jirani, ikiwemo ya kadi. Fungua kifuniko, itafute. Huwa imevikwa nailoni ya kijani, njano au buluu. Ukiona unga wa kijani au mweupe, ikate uitoe, safisha kwa pamba yenye siki kidogo mahali palipochafuka, kisha pitisha alkoholi ya isopropili na uache pakauke kabisa. Mashine itaendelea kuwaka bila betri hiyo. Itasahau tarehe tu.

Baada ya hapo mulika tundu lenyewe kwa tochi. Humo ndani kuna pini 68 katika safu mbili, 34 kila safu, na ziko upande wa laptopu, si wa kadi. Pini ikipinda, iliyoharibika ni laptopu. Tafuta vumbi, kutu, na wadudu: sisimizi hupenda sana kutaga kwenye matundu yenye giza, na mende vilevile. Puliza kwa pampu ya mkono ya kupulizia kamera. Usipulize kwa mdomo, mate yana chumvi. Pini zikiwa zimefifia rangi kwa hewa ya bahari, lowesha brashi laini kwa alkoholi upige taratibu kwa kufuata urefu wa pini. Kwa wa Masasi au Newala kutu si tabu kubwa kama ilivyo kwetu tulio karibu na maji, ila vumbi lao wanalijua wenyewe.

Pini iliyopinda kidogo inanyooshwa. Tafuta sindano ya hospitali mpya yenye tundu linalotosha pini, isugue ncha mpaka iwe butu, ivishe juu ya pini kama mrija, uinyanyue kidogo kidogo. Ukitumia koleo utaivunja.

Kuchomeka, kwa mkono wenyewe

Shika kadi kwa kingo, stika ikitazama juu, uiingize ikiwa imelala sawasawa. Mwanzoni inateleza bila kazi. Karibu na mwisho utahisi ukinzani kidogo, hapo sukuma kwa vidole gumba viwili, nguvu ikiwa sawa pande zote, mpaka kitufe cha kutolea kichomoze nje. Ukikutana na ukinzani mkubwa nusu ya njia, simama. Ama umeigeuza, ama ni CardBus kwenye tundu lisilo lake.

Pini hazina urefu mmoja. Za umeme na za ardhi ndizo ndefu kuliko zote, kwa hiyo zinagusa kwanza. Pini mbili za kutambua uwepo wa kadi ndizo fupi kuliko zote, na zimewekwa karibu na ncha mbili za safu, moja kila upande. Maana yake mashine haiioni kadi mpaka pande zote mbili zimefika mwisho. Kadi iliyokaa mshazari hata kwa unywele itakaa kimya kama haipo. Nusu ya kadi ninazoambiwa ni mbovu zinapona kwa kuchomolewa na kuchomekwa upya zikiwa zimenyooka.

Kadi ya kwanza: CompactFlash

Adapta ya CompactFlash ya biti 16 ni nyepesi mno, haina akili ndani. Inahamisha tu pini 50 za memori kadi kwenda kwenye pini 68 za tundu. Ndiyo maana ni ya bei ndogo na haihitaji draiva ya mtengenezaji. Zipo adapta za CompactFlash zenye CardBus, zina kasi zaidi ila zinadai draiva, na tumeshakubaliana kwamba kwa sasa hutaki draiva.

Memori kadi yenyewe usiihangaikie mbali. Kamera kubwa za miaka ya nyuma, zile za Canon na Nikon walizopigia picha za harusi, nyingi zilitumia CompactFlash. Zungukia studio za picha mjini, muulize mwenye studio kama ana za zamani kwenye droo. Megabaiti 512 au gigabaiti 1 ni nyingi kupita kiasi kwa mashine hii. Usivuke gigabaiti 2, kwa sababu DOS, mfumo uliotangulia Windows, na Windows 95 za kwanza zinasoma FAT16, mpangilio wa zamani wa mafaili kwenye diski, na kwao patisheni moja inaishia hapo. FAT32 ilikuja na lile toleo la mwaka 1996.

Ifomati kwenye kompyuta ya leo kwa kutumia kisomeo cha USB cha memori kadi. Kwenye orodha ya aina za kufomati chagua "FAT", si "FAT32" wala "exFAT". Weka faili dogo la maandishi la kujaribia, lenye jina lisilozidi herufi nane, kisha nukta na mkia wa herufi tatu, mfano JARIBU.TXT. Itoe kwa utaratibu, ivishe adapta, ichomeke.

Windows 95 ikiwa haijawahi kuona kadi, itafungua dirisha la kuandaa tundu na kukuuliza kama unatumia draiva za zamani za DOS. Jibu kwamba hutumii, ikubalie izizime, kisha uiwashe upya. Utasikia mlio wa kadi kutambuliwa, na diski mpya itatokea kwenye "My Computer", kwa kawaida D au E. Fungua JARIBU.TXT. Likisomeka, nakili faili moja kutoka laptopu kwenda kwenye kadi, peleka kwenye kompyuta ya leo, lifungue. Njia zote mbili zikipita ndipo uanze kuhamisha mzigo. Ni mwendo wa pole. Folda kubwa iache iende huku ukinywa chai.

Hesabu za zamani zilizoandikwa kwa Lotus 1-2-3 zenye mkia wa WK1, au za dBase zenye mkia wa DBF, LibreOffice inazifungua. Mzee wa korosho atapata daftari lake.

Kwenye DOS tupu kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa DOS yenyewe haijui kadi hizi ni nini. Inahitaji tabaka mbili za programu, moja ya kuongea na soketi na nyingine ya kuongea na kadi, zote zikiitwa kutoka CONFIG.SYS, faili la mipangilio ya DOS. Laptopu nyingi ziliuzwa zikiwa nazo, kwa hiyo kabla ya kutafuta mbali tazama kwenye diski kama kuna folda yenye neno CARD au PCM. Zikiwepo, kuna mstari mmoja wa kurekebisha. EMM386, programu ya DOS ya kusimamia memori, hupenda kujitwalia eneo la memori ambalo kadi inalihitaji. Iambie iliache:

DEVICE=C:\DOS\EMM386.EXE NOEMS X=D000-DFFF

Bila hiyo X, kadi huonekana mara ya kwanza na kupotea mara ya pili, na mtu hubaki akilaumu kadi.

Kadi ya mtandao

Sasa una njia ya kuingiza draiva, endelea. Kwa tundu la biti 16, tafuta 3Com EtherLink III ya familia ya 3C589 au yoyote inayooana na NE2000. Zina kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, na hiyo inatosha. Jambo moja ukilisahau umetupa hela: nyingi ya kadi hizi ni nyembamba kuliko plagi ya kebo ya mtandao, kwa hiyo zina waya wake mfupi wa kuunganishia. Waya huo hupotea mapema kuliko kadi, na waya wa mtengenezaji mmoja hauingii kwenye kadi ya mwingine. Kadi isiyo na waya wake usiinunue hata kwa elfu mbili. Ukiwa na matundu mawili yaliyopandana yenye CardBus, Xircom RealPort ya Aina ya III inakuondolea balaa hilo, maana ina tundu la kebo mwilini mwake.

Pakua draiva kwenye kompyuta ya leo, iweke kwenye CompactFlash, inakili kwenye diski kuu ya laptopu katika folda kama C:\NETI. Kisha ndipo uchomeke kadi. Windows ikiomba diski ya draiva, ielekeze C:\NETI. Inaweza kudai na mafaili ya Windows yenyewe. Tazama kama kuna folda ya C:\WINDOWS\OPTIONS\CABS, mara nyingi yamo.

Chomeka kebo kwenye ruta, ipe laptopu anwani ya kudumu inayoendana na ruta yako, mfano 192.168.1.50 na 255.255.255.0, halafu andika ping na anwani ya ruta. Ikijibu, umefika. Usitegemee kuperuzi: tovuti za leo zinatumia usimbaji ambao vivinjari vya wakati ule havijui. Kushea folda na Windows 10 au 11 nako kunagoma, kwani itifaki ya zamani imezimwa. Weka seva ya FTP, yaani ya kuhamishia mafaili, kwenye kompyuta ya leo, ndani ya mtandao wako wa nyumbani tu, na tumia amri ya ftp iliyomo tayari kwenye Windows 95 na 98. Kwenye DOS tumia mTCP ya Michael Brutman, ni ya bure na ina FTP yake.

Kadi za mtandao usio na waya za wakati huo, kama Orinoco ya megabiti 11, zinafanya kazi, ila nyingi zinajua WEP peke yake, ulinzi wa zamani ulio dhaifu. Kuishusha ruta ya nyumba nzima hadi WEP kwa ajili ya laptopu moja ni kumwachia jirani mlango wazi. Tumia kebo.

USB na nyinginezo

USB inahitaji CardBus. Kwa tundu la biti 16 isahau. Chagua kadi yenye chipu ya NEC, na yenye kitundu kidogo cha umeme wa ziada pembeni, kwa sababu tundu la laptopu halitoi umeme wa kutosha kuendesha diski ya nje. Windows 98 Toleo la Pili inahitaji draiva ya flashi diski. Zipo za jumla zinazohudumia flashi nyingi kwa mpigo. Kwenye Windows 95 usipoteze muda.

Wenye skana za SCSI watafute Adaptec SlimSCSI, 1460 kwa biti 16 na 1480 kwa CardBus. Wenye mashine za kubeba kama sanduku, mfano IBM 5155 ya mwaka 1984, kadi zao ni za ISA na zinaingia ndani ya kasha. Humo kuna skrini ya bomba yenye volti elfu kadhaa zinazobaki hata baada ya kuzima, hivyo mpelekee fundi aliyezoea televisheni za zamani.

Ikigoma

Kadi imeingia sawasawa, draiva ipo, lakini Device Manager inaonyesha alama ya mshangao ya njano. Hapo karibu kila mara ni mgongano wa IRQ, yaani namba ambayo kila kifaa hutumia kumwita prosesa. Namba ni chache: 3 na 4 ni za milango ya COM, 5 mara nyingi ni ya sauti, 7 ya printa, 14 na 15 za diski. Kadi yako inatamani 10 au 11. Zikiwa zimekaliwa, ingia BIOS uzime usichotumia. Mlango wa infraredi na modemu ya ndani ndio wa kwanza kufukuzwa, hakuna atakayewakumbuka. Ukiwa na kadi mbili, toa moja, ihangaikie nyingine mpaka itulie, kisha rudisha ya kwanza.

Kadi inayofanya kazi dakika kumi kisha kufa mara nyingi imepata joto, na Mtwara ya Desemba haisaidii. Iinue laptopu juu ya vijiti viwili hewa ipite chini, na tundu la pili liache tupu.

Kuchomoa

Bofya alama ya PC Card chini kulia, chagua kusimamisha kadi, subiri ikubali, ndipo ubonyeze kitufe. Kwenye DOS ni salama zaidi kuzima mashine kwanza. Kadi ikitoka, ihifadhi kwenye kopo linaloziba vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Kwenye tundu rudisha kile kipande cha plastiki kilichokuwamo toka dukani. Kama kilishapotea, kata kadi ya simu ya zamani kwa kipimo cha mwanya, ibandike kwa nje na utepe wa karatasi, sisimizi wasirudi.